Siku Mkaguzi wa Nyama Alipokaguliwa

Pale machinjioni walimwita Mama Muhuri, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Nyama isiyogongwa muhuri wake haikutoka getini, na muhuri wenyewe haukutoka mfukoni mwake mpaka awe amezipasua tezi. Ugonjwa ukianza kutembea mwilini hupitia humo, kwenye vile vijinundu vilivyojificha shingoni, kwapani na kinenani. Mama Muhuri alivipasua, akatazama, akaamua. Ubaya ukiwa mahali pamoja, pale panakatwa. Ukiwa huku na huku, ng'ombe mzima anakwenda shimoni, na mwenye ng'ombe alie machozi ya damu akitaka.

Basi mwanamke huyu, hodari wa kuwafokea wanaume wenye mapanga, alipapasa kivimbe titini mwake akiwa anaoga, akajitia hamnazo. Akajiambia ni maziwa yaliyobaki, na hali mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaoa. Kilipojitokeza kingine kwapani, kigumu, kisichouma, aliacha kujidanganya, maana vidole vyake vilikijua. Akaenda hospitali kimyakimya, bila kumwambia mumewe. Wakamtoa kinyama titini, wakamchoma sindano kwapani, wakamwambia arudi kuchukua majibu.

Daktari alikuwa kijana, mpole, wa kuongea taratibu.

"Mama, ni saratani ya titi," alisema, "na imeshafika kwenye tezi za kwapani."

Aliendelea kuongea, lakini Mama Muhuri hakusikia tena. Alishukuru kwa adabu, akapokea tarehe ya skani, akachukua mkoba wake, na alipofika nje alijua kwamba hatarudi. Tezi zimeshaingiliwa, aisumbue nyumba kwa lipi? Alipita sokoni akanunua vitunguu, akaenda zake nyumbani.

Ajabu ni kwamba siku zile alilala fofofo. Alipika, alifua, alimtania mumewe, ambaye ni kinyozi, kwamba kanyoa mji mzima akajisahau mwenyewe. Ni kazini tu ndiko mambo yalikomuumbua. Alipasua tezi ya begani mwa ng'ombe mmoja aliyening'inia kwenye ndoano, akakuta usaha mkavu wa manjano. Akapasua ya shingoni, vilevile. Akapasua za kwenye mapafu, vilevile.

"Mama yangu, kata pale penye ubaya tu," mwenye ng'ombe alibembeleza. "Niachie hata mapaja!"

Siku nyingine angemtimua. Siku ile aliegemea ukuta, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Haiwezekani. Umesambaa." Halafu akatoka mbio kwenda kutapika.

Tarehe ya skani ikapita. Hospitali walimpigia simu, akawa anaikata makusudi, basi wakampigia mumewe, aliyemwandikisha kuwa ndugu wa karibu. Kinyozi alimwacha mteja kitini na nusu ya nywele kichwani, akaja mpaka machinjioni, mahali ambapo tangu waoane hakuwahi kukanyaga kwa sababu hapendi kuona damu. Alisimama katikati ya mizoga, uso umemsawijika.

"Twende," alisema.

"Mume wangu, tezi zimeshaingiliwa. Kazi hii mimi naijua."

"Unaijua ya ng'ombe. Twende ukayaseme hayo mbele ya daktari."

Akayasema, yote, tezi na shimo na muhuri, huku akitazama sakafu. Daktari hakucheka.

"Mama, ng'ombe unayemkagua ameshachinjwa, huna tena la kumtibu. Wewe umeingia hapa kwa miguu yako. Tezi za kwapani zinatuambia tukutibu kwa nguvu zaidi, hazituambii tukutupe. Kwanza skani. Kama haijaruka kwenda kwenye maini, mapafu au mifupa, tunaanza na dawa za kutundikiwa mshipani ili uvimbe upungue. Halafu upasuaji, tutoe titi na hizo tezi. Halafu mionzi. Ni kazi ndefu na siwezi kukuahidi lolote, ila tutakuwa tunatafuta upone."

"Na kama imeruka?" aliuliza kinyozi.

"Tiba itakuwepo, ila itakuwa ya kuizuia tu. Tusitangulie."

Hapo ndipo hofu ilipomvaa kwelikweli. Usingizi ukamruka. Akikohoa, mapafu hayo. Mgongo ukimuuma, mifupa hiyo. Alijibonyeza ubavuni kutafuta ini mpaka pakawa na alama za vidole. Alijikaza kisabuni mbele ya watu, lakini mumewe alimkuta mara mbili amesimama jikoni mbele ya jiko lisilowashwa.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma bila kuzunguka. "Maini hayana kitu. Mapafu hayana kitu. Mifupa pia. Iko titini na kwapani basi."

Kinyozi alipiga makofi humo ofisini kama yuko mpirani, kisha akaomba radhi. Mama Muhuri hakucheka wala hakushukuru.

Siku ya dawa ya kwanza alikaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, akanyoosha mkono wa upande usio na uvimbe. Nesi aliufunga mpira, akatafuta mshipa, akaushika, ukamponyoka. Mkono ulikuwa unatetemeka wote, kuanzia begani.

"Tulia, mama."

"Siwezi, mwanangu." Akamgeukia mumewe. "Nilipojua nimekwisha, nilikuwa nalala. Nilikuwa napika. Sasa wananiambia naweza kupona, ndiyo nasikia hofu. Naogopa, baba watoto. Sitaki kufa. Sikuwahi kujua kama sitaki hivi."

Alisema kwa sauti kubwa, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Kinyozi alivuta stuli, akakaa, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili chini ya kiwiko.

"Ogopa tu," alimwambia. "Na mimi naogopa. Lakini mkono usiuondoe."

Hakuuondoa. Nesi akainama tena, akaupata mshipa.