Upande wa Kusini wa Tangi la Wamagana

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mwende alisimamisha darubini ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, akafuta umande kwenye kioo, akaanza kusoma alama nane nyekundu zilizozunguka msingi wa tangi jipya la maji la Wamagana. Tangi lilikuwa la chuma, upana mita ishirini, na siku hiyo maji yalikuwa yamefika nusu. Upande wa kaskazini ulikuwa umetitia milimita kumi na moja, kama alivyotarajia. Upande wa kusini haukuwa umetitia hata kidogo.

Hesabu ilikuwa imesema vingine. Mwende ndiye aliyepima udongo wa hapo. Ulikuwa mchanga na changarawe. Kaskazini, bomba la kupimia lilihitaji vipigo ishirini na vinane vya nyundo ili lizame futi moja. Kusini, palipokuwa laini, lilizama kwa vipigo vitano tu. Alikuwa ameagiza mchanga wa kusini uchimbwe mita mbili, urudishwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka lishindiliwe. Tangi likiinama upande mmoja chuma hupasuka, na chini ya mteremko huo kulikuwa na nyumba kumi na nne na shule ya chekechea.

Wiki ya kuchimba, Mwende alikuwa ofisini mjini Nyeri. Miriti, meneja wa mradi, mtu asiyepaza sauti, alimwambia kwa simu kwamba kazi imefanywa. Mwende akatia sahihi. Baadaye alisikia kwamba ukuta wa shimo uliporomoka Jumanne jioni, na kwamba kibarua mmoja aitwaye Ogutu alitoroka kazi siku hiyohiyo. Hakuuliza mambo hayo mawili yalihusiana vipi.

Sasa alichukua tochi, akafungua kifuniko cha shimo la ukaguzi upande wa kusini, akashuka ngazi. Ogutu alikuwa huko. Alisimama ndani ya mchanga hadi kifuani, na msingi wa zege ulikuwa umelala juu ya bega lake la kulia.

"Habari ya asubuhi, madam," akasema.

"Nzuri. Uko hapa tangu lini?"

"Tangu ile Jumanne. Mchanga ilinifunika, nikakufa. Sasa mlipoanza kujaza maji, nikasikia hii kitu inaegemea huku. Na huku chini si kuna watoto? Nikaweka bega."

Mwende alitafuta mshtuko ndani yake, hakuupata. Alipata njaa, maana hakuwa amekunywa chai. Akamwuliza kama anaweza kushika hadi maji yatolewe. Ogutu akasema anaweza.

Miriti alifika saa nne, akachungulia shimoni kwa muda.

"Anashika vizuri?"

"Kipimo ni sifuri," Mwende akasema. "Tumwage maji, tumtoe, tuchimbe huo upande upya. Ni miezi mitatu."

"Injinia, ufunguzi ni Ijumaa." Miriti akafikiri. "Na huyu hana helmeti. Wakaguzi wakimwona hivyo tutasema nini?"

Helmeti ikaletwa. Kwenye daftari la vibarua, neno "ametoroka" likafutwa, pakaandikwa "yupo". Maji yakaendelea kuingia.

Mchana huo Mwende alimpigia simu Anita, mke wa Ogutu, akamweleza yote kwa mpangilio. Jumatano Anita alifika kutoka Siaya akiwa na blanketi na barua ya chifu ya kuchukulia mwili. Nyumbani walikuwa wameshachimba kaburi. Miriti alimkaribisha chai, akamweleza kwa upole kwamba mradi hauwezi kutoa barua ya kifo cha mtu aliye kazini.

"Lakini amekufa," Anita akasema.

"Ni ukweli, mama. Lakini kwa daftari yuko."

Anita akashuka ngazi. Mwende alibaki juu, akawasikia wakiongea Kijaluo polepole, kama watu wanaopanga mambo ya wiki ijayo. Anita alipopanda hakuwa na sweta yake. Alikuwa ameikunja, akaiweka kati ya zege na bega la mumewe.

"Anasema akiachilia kabla maji itolewe, zile nyumba zitaenda," akamwambia Mwende. "Wewe ndiye ulipima. Ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Basi maji itatolewa lini?"

"Miriti anasema wakishajenga tangi la pili."

"Na hiyo itajengwa lini?"

"Bado haijachorwa."

Anita aliketi juu ya rundo la kokoto, akakung'uta mchanga mikononi. "Basi nyumbani tutafukia lile shimo," akasema, "ng'ombe wasianguke ndani." Akaondoka na blanketi lake.

Ijumaa utepe ulikatwa na kwaya ikaimba. Wakazi waliyaonja maji, wakasema ni baridi na hayana harufu. Watoto wa chekechea walipanga foleni kwenye bomba, mmojammoja na kikombe chake. Ogutu alizisikia sauti zao na kumwuliza Mwende kama ni wengi. Mwende akawahesabu. Walikuwa thelathini na sita.

Jumamosi, tangi likiwa limejaa pomoni, alipima mara ya mwisho. Kaskazini, milimita ishirini na tatu. Kusini, sifuri. Akaketi ukingoni mwa shimo la ukaguzi, akaijaza fomu juu ya goti.

"Madam," Ogutu akaita kutoka chini. "Kwa ripoti umeniandika?"

Fomu ilikuwa na nafasi ya maji, ya udongo, ya zege na ya chuma.

"Nimekuandika," Mwende akasema.

"Asante."

Ogutu akabadilisha bega. Zege likashuka milimita moja, kisha likapanda tena.