Nyundo Ilipopigwa Marufuku

Nyuma ya duka lake la kutengeneza redio na televisheni, fundi alikuwa na chumba kirefu cha gemu: skrini kadhaa, viti vya plastiki, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Siku za kazi kilikuwa cha wanafunzi. Jumamosi mchana kilikuwa cha watu wazima waliocheza ligi ya gemu ya ngumi. Unachagua mpiganaji wako, unakaa, unamwangusha mwenzako au unaangushwa.

Bingwa wa ligi hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi nao. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Kutwa nzima alishona kola. Wengine walishona mikono, wengine mifuko, yeye kola tu. Shati zima alilikuta barabarani, limevaliwa na mtu. Lakini Jumamosi akiingia kwa fundi, madereva na walinzi walimpisha kiti.

Mpiganaji wake aliitwa Mama Nyundo, mwanamke mnene, mzito wa miguu, mwenye nyundo ndefu kuliko yeye mwenyewe. Mwanzoni hakuna aliyemtaka. "Huyo mpaka ainue nyundo, mwenzake kashakunywa chai," walicheka. Shemeji akamng'ang'ania. Alipigwa, akapigwa tena, hadi akagundua kwamba nyundo ikitupwa mapema, adui bado yuko mbali, humkuta anapofika. Tangu hapo hakukaliki. Na kwa kuwa mwenye macho haambiwi tazama, nusu ya ukumbi ikaanza kumchagua Mama Nyundo.

Jirani wa fundi, kinyozi, hakuiga. Yeye alishikilia mpiganaji wake mwepesi, Panzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka. Kila Jumamosi alipigwa, na kila Jumamosi alichelewa kidogo zaidi kupigwa. Siku moja alimfikisha shemeji raundi ya mwisho, chumba kizima kikasimama, na kinyozi akaanguka akiwa amebakiza pigo moja tu kushinda.

"Umenisoma wapi?" shemeji aliuliza, jasho likimtoka.

"Begani. Mama Nyundo anashusha bega kabla hajapiga. Likishuka tu, naruka."

"Basi ruka mapema kidogo zaidi, umenimaliza," alisema, akacheka kama mtu aliyepewa zawadi.

Fundi aliyasikia hayo, lakini masikio yake yalikuwa kwa waliokuwa wakinung'unika mlangoni. Dereva mmoja wa teksi ndiye aliyekuwa msemaji wao.

"Fundi, hapa si pa gemu tena, ni karakana. Kila skrini ni ko! ko! ko! Wageni wanakuja mara moja, wanapondwa, hawarudi. Mpige marufuku huyo bibi, tucheze wote."

Na kweli wageni walikuwa hawarudi. Fundi alifikiri juma zima. Ijumaa alikula na shemeji meza moja, wakacheka, wakasifia mboga, na hakumwambia kitu. Jumamosi alibandika karatasi mlangoni: Mama Nyundo hachaguliwi.

Shemeji aliisoma akiwa amesimama, mkoba begani.

"Shemeji, ungeniambia jana tulipokuwa tunakula."

"Sikutaka kukuharibia chakula."

"Marufuku ni Nyundo, au ni mimi?"

"Ni Nyundo tu! Wewe chagua mwingine. Mchezaji ni wewe, si yeye."

"Na kinyozi? Alikuwa amebakiza kidogo mno."

"Kinyozi atafurahi. Hatapondwa tena."

Lakini kinyozi hakufurahi. "Mmeniibia, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Ningempiga mimi, watu wote wangejua kwamba anapigika."

Shemeji alicheza siku ile na mpiganaji mwingine, akashindwa kwa adabu, akaondoka. Hakurudi tena ukumbini.

Kwa muda ilionekana fundi amefanya la maana. Wageni wakarudi, wakaonekana wapiganaji ambao hakuna aliyewahi kuwachagua, kelele zikawa za furaha. Kisha mlinzi mmoja akamwibua Upepo, mwenye mateke ya haraka, ambaye zamani hakuthubutu kusogea kwa kuogopa nyundo. Nyundo haikuwapo tena. Kabla mwezi haujaisha, kila skrini ilikuwa Upepo.

"Mpige marufuku," alisema yule yule dereva.

Fundi akampiga marufuku. Akaja mrusha mawe, naye akafungiwa. Akaja mwenye ngao, watu wakakaa wakitazamana wakingoja muda uishe. Hakuna aliyekaa tena kumsoma mpinzani bega. Ukipigwa, unakwenda kwa fundi kushitaki.

"Tumemfukuza paka," kinyozi alimwambia, "sasa tunalalamikia panya." Muda si mrefu akapata kiti katika saluni kubwa ya mji mwingine. Akaaga, akahama.

Viti vilipoanza kubaki vitupu, fundi alibandua karatasi zote. Jioni ile alimkuta shemeji sebuleni akipiga pasi.

"Nimefungua wote, shemeji. Na Nyundo pia. Njoo Jumamosi, tafadhali."

Alikuja, kwa heshima tu. Alimchagua Mama Nyundo, akamwangusha dereva wa teksi, akamwangusha mlinzi, akamwangusha fundi mwenyewe. Hakuna aliyeruka. Walisimama palepale, nyundo ikawakuta. Hakuna aliyepiga kelele.

Shemeji akaweka pedi ya kuchezea juu ya meza. "Kinyozi yuko wapi?"

"Alihama. Alipata kazi."

Shemeji alisogeza kiti nyuma. "Mimi nilikuwa nangoja anipige, shemeji. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitafanya nini akishajua kuruka. Usiku nilikuwa nalala na hilo." Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Kule kazini hakuna anayenisubiri nikosee ili ajifunze."

"Nilitaka watu wote wacheze," fundi alisema.

"Najua. Sikukasirika kwa Nyundo. Nilikasirika kwamba uliniona mezani ukanyamaza."

Neno la samahani lilimjia fundi, akalisema, likasikika dogo mle ndani. Shemeji alilipokea. "Yamepita," alisema, na alikuwa mkweli, maana hakuwahi kulirudia.

Siku hizi chumba kile kina gemu ya mpira, na kelele zimerudi kiasi chake. Nyumbani shemeji humweleza fundi habari za kiwanda, mashine mpya, msimamizi anayekoroma mchana, na wote hucheka. Wakati mwingine fundi hutamani amuulize kama Mama Nyundo ana udhaifu mwingine, mbali na lile bega. Mezani humwangalia akila, hufungua kinywa, kisha humwomba ampitishie chumvi.