Shahidi wa Jumbe Mwinyijuma

Muhidini bin Mwinshehe alikuwa fundi cherehani wa Bagamoyo, hodari wa kazi yake na hodari zaidi wa maneno. Watu walipenda kumsikiliza. Siasa ilipoanza kuwaingia wenyeji mwaka 1955, wanachama wa klabu ya mjini walimchagua awe mwenyekiti wao, wala hakuna aliyesimama kushindana naye.

Kilichompa nguvu ya kusema kilikuwa babu yake. Jumbe Mwinyijuma wa Kaole alipigana na Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani, nao wakamkamata na kumnyonga. Muhidini hakumwona, kwa kuwa alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini alimtaja kama mtu aliyeachana naye jana msikitini.

Basi siku moja klabu ikakata shauri kufanya mjadala. Nchi inataka kujitawala, walisema, na nchi inayotaka kujitawala haina budi kuwajua wakubwa wake. Swali likawa hili: katika wote waliopata kuishi katika nchi hii, nani aliye mkubwa kuliko wote? Atakayeshinda, picha yake itachorwa ukutani mwa klabu, na jina lake litapelekwa kwa wenzao wa Dar es Salaam.

Jioni ya siku ile Muhidini alirudi nyumbani amechangamka. Mkewe Sada alikuwa akichambua mchele. Bibi yake Sada, Bibi Mosi, aliketi kwenye mkeka akisuka ukili. Bibi huyu ndiye aliyemlea Sada tangu mama yake alipofariki, na Sada alipoolewa alikuja naye. Ujanani alikuwa mtu wa nyumba ya Jumbe Mwinyijuma. Ndivyo ilivyosemwa, "mtu wa nyumba ya Jumbe," na lile neno jingine halikutamkwa mle ndani. Shangazi zake Muhidini walilitamka alipotaka kumwoa Sada. Yeye aliwajibu kwamba anaoa mke, haoi nasaba, na tangu hapo alimheshimu Bibi Mosi kama bibi yake wa kumzaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umeshinda salama?"

"Salama. Bibi, leo nataka unipe babu yangu."

Bibi alicheka kidogo. "Nikupe, nimtoe wapi?"

"Wewe ulimwona. Baba yangu alifiwa angali mdogo, hata sura hakuikumbuka. Nikisimama mbele za watu nataka niwaonyeshe mtu, si jina tupu."

Bibi akaanza kusema, taratibu, bila kuacha kusuka. Jumbe alikuwa mrefu, akiingia mlangoni lazima ainame. Hakuwa mpiga kelele. Akikasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Siku ya kunyongwa aliomba maji akatawadha bila haraka, akainyoosha kofia yake. "Hakulia wala hakumwomba mtu. Aliyetetemeka ni yule askari aliyemtia kamba. Nilikuwapo, niliona kwa macho yangu."

Machozi yalimlengalenga Muhidini. "Na kwa watu wake, Bibi, alikuwaje?"

Mikono ya bibi ilisimama. "Alichokula ndicho tulichokula," akasema, kisha akaendelea na ukili wake.

Muhidini alipokwenda kuswali, Sada aliona mabega ya bibi yake yanatikisika. Akaweka ungo chini, akamsogelea.

"Bibi, unalia nini?"

"Hapana kitu."

"Bibi."

Bibi Mosi aliuweka ukili kando. Halafu akasema, "Kabla ya mama yako nilikuwa na mtoto. Mwanamume. Jina lake Seleman."

Sada hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Alikuwa amekwisha anza kunisaidia kuchuma kisamvu. Vita ikaja. Jumbe alikuwa na watu lakini hakuwa na baruti, na Wadachi, hao Wajerumani, waliifunga bahari. Akatokea nahodha mmoja anayejua kupenya. Nahodha hakutaka pembe wala kopra, alitaka watoto. Jumbe alinituma kisimani asubuhi, nami nikaenda. Nilipopita Seleman alikuwa uani anakula muhogo. Niliporudi nilikuta ganda la muhogo peke yake."

"Jumbe akakwambiaje?"

"Nilimwangukia miguuni. Akaniambia, 'Mosi, nchi ina vita.' Sauti yake ilikuwa chini sana. Nadhani alikuwa na huzuni. Sijui. Nimefikiri miaka yote hii, na bado sijui." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Baruti ile ndiyo waliyopigania. Siku aliponyongwa watu walilia, nami nililia pamoja nao, lakini sikujua ninamlilia nani."

Sada alitaka kuinuka aende akamwambie mumewe pale pale. Bibi alimshika mkono.

"Usimvunjie babu yake. Kijana yule hana ubaya. Niapie, Sada."

Sada akaapa, huku moyo wake unakataa.

Siku ya mjadala uwanja wa klabu ulijaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi mbele, wanawake kwenye majamvi ubavuni. Mzee mmoja mwenye duka alianza kwa Bushiri bin Salim, akasema pwani nzima isingeinuka bila yeye. Mwingine alimtaja Mirambo. Halafu akasimama Ramadhan, mwalimu wa shule, mwenyeji wa Lugoba, kijana mwembamba asiyependa utani. Huyu alimsemea Mkwawa.

"Alijiua asishikwe," alisema. "Wakamkata kichwa wakakipeleka Ulaya. Mwaka jana fuvu lake limerudishwa Kalenga, na watu wazima wamelia barabarani. Nani mwingine katika nchi hii amewasumbua wageni hata baada ya kufa?"

Walimpigia makofi mengi. Ndipo Muhidini aliposimama. Aliwaeleza habari za Jumbe Mwinyijuma kama alivyopewa na Bibi Mosi: alivyoinama mlangoni, alivyotawadha, alivyoinyoosha kofia. Alipofika kwa askari aliyetetemeka, watu wa nyuma walisimama wapate kumsikia vizuri. "Mkwawa alikuwa mfalme mwenye jeshi na boma," akamalizia. "Babu yangu alikuwa jumbe wa kijiji. Mtu mdogo anayefanya jambo kubwa, huyo ndiye mkubwa kwangu."

Makofi yalianza, lakini Mwalimu Ramadhan alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina swali, na usinichukie kwa swali langu. Sisi wa bara tuna kumbukumbu nyingine ya majumbe wa pwani. Babu zetu walishuka huku na minyororo shingoni. Huyo Jumbe wako hakupata kuuza watu?"

Minong'ono ilipita kwenye mabenchi. Muhidini hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolingoja.

"Shahidi yupo," alisema. "Aliishi nyumbani mwake." Akateremka mpaka kwenye majamvi ya wanawake, akainama, akampa Bibi Mosi mkono. "Bibi, nisamehe kwa kukuinua. Waambie kweli tu. Babu yangu alipata kumwuza mtu?"

Bibi Mosi alisimama, mkono mmoja kwa Muhidini na mwingine kwa Sada. Sada aliusikia mkono ule ukimbana mpaka vidole vikauma. Angeweza kusema yeye. Neno lilimfika kwenye ulimi, akakumbuka kiapo chake. Bibi alimtazama Muhidini usoni, akautazama uwanja uliojaa watu, akarudi tena kwenye uso ule.

"Hapana," alisema. "Hakuuza mtu."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka sokoni. Watu walimbeba Muhidini juujuu. Mwalimu Ramadhan alikuja mwenyewe kumpa Bibi Mosi mkono na kumwomba radhi, naye bibi akamwitikia, "Hukukosa kitu, mwanangu."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kitandani. Sada alimletea uji, akakataa.

"Nimemkana mwanangu," alisema. "Mbele ya watu wote wale. Duniani hakuna tena aliyemwona ila mimi, nao wakaniuliza mimi."

"Kwa nini basi, Bibi? Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, na mkono wangu umo mkononi mwake? Mina mwanao ni kitukuu changu, na ni kitukuu cha Jumbe. Nimnyang'anye upande gani?"

Siku zilizofuata bibi alizidi kudhoofika. Muhidini alimleta mganga wa hospitali, akamleta na shekhe. Alimwinua mwenyewe kumnywesha maji, akimbembeleza kama mtoto. Bibi alimwombea dua kila mara. Lakini akili yake ilikuwa kwingine. Mara nyingi alimwuliza Sada kama muhogo umeiva. Alifariki wiki ile ile fundi alipoanza kuchora picha ya Jumbe ukutani mwa klabu.

Mazishini Muhidini alisema maneno machache, huku analia. "Leo tumemzika shahidi wa Jumbe Mwinyijuma," alisema. Sada aliambiwa maneno hayo na wanawake waliokuja kumpa pole, wakidhani yatamfariji. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Matanga yalipokwisha, alimwita mumewe.

"Baba Mina, kaa. Nina neno, na nimeapishwa nisiliseme. Lakini aliyeniapisha ameondoka, na likibaki kwangu peke yangu nitaugua."

Akamweleza yote. Muhidini alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo Sada hakuwahi kuliona. Sada alipomaliza, mumewe alikaa akiitazama mikono yake.

"Siku ile uwanjani," alisema hatimaye, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa ninajua."

"Ukanitazama nikimwinua."

"Nilikutazama. Usidhani nililala usiku ule, wala huu wa jana."

Muhidini alilia sana. Hakujua, alisema mara nyingi, hakujua, na Sada alijibu kila mara, "Najua hukujua." Lakini hakumsogelea. Upendo wake kwa mumewe haukupungua, ila baina yao sasa alikuwapo mtoto anayekula muhogo uani, na Sada hakuweza kumpita.

Mkutano wa klabu ulipofika, Muhidini alisimama chini ya ile picha, ambayo ilikuwa imekwisha na ilipendeza, akawaeleza wenzake kuwa babu yake alimtoa mtoto wa Bibi Mosi kwa baruti. Akaomba picha ifutwe na jina lirudishwe kutoka Dar es Salaam.

Kisha Bwanausi, mweka hazina, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alisimama.

"Mwenyekiti, una msiba, na tunakupa pole. Lakini marehemu aliulizwa hapa, mbele yetu, akasema hakuuza mtu. Leo unataka tumfanye mwongo ndani ya kaburi lake? Mimi namsadiki yeye."

Wengi waliitikia. Muhidini akawatazama mmoja mmoja, mwisho akamgeukia Mwalimu Ramadhan. "Mwalimu, wewe uliuliza. Sema."

Ramadhan aliinuka polepole. Alionekana kama mtu anayeumwa. "Jina limekwisha fika, Mwenyekiti. Tukilirudisha, wakubwa wa serikali ya Waingereza watalichukua jambo hili walitumie wao. Watasema, mnaona mashujaa wenu? Na hawa ndio wanaotaka kujitawala?" Akaitazama picha. "Babu yangu mzaa mama alishuka na msafara, hatujui aliishia wapi. Kwa hiyo mimi nakusadiki. Lakini sasa si wakati."

"Wakati wake lini?"

Mwalimu aliketi.

Muhidini aliacha uenyekiti siku hiyo, na klabu hakuingia tena. Picha ilibaki. Wageni waliofika mjini walipelekwa kuitazama, na vijana walieleza habari za maji ya udhu na askari aliyetetemeka, wakimtaja Bibi Mosi kuwa ndiye aliyeshuhudia.

Siku moja Sada alimwambia mumewe kuwa anataka kumsomea Seleman khitma. Muhidini alikwenda kwa shekhe mwenyewe.

"Marehemu alifariki lini?" shekhe aliuliza.

"Hatujui kama amefariki. Alichukuliwa na chombo akiwa mtoto. Akiwa hai ni mzee sasa, na pengine hata lugha yetu ameisahau."

Shekhe alifikiri. "Basi tutasoma, na dua tutamwombea kwa hali yoyote aliyo nayo. Mwenyezi Mungu anajua alipo."

Walikuja majirani wachache na jamaa wawili watatu wa Mlingotini. Shangazi zake Muhidini hawakuja. Muhidini alikaa karibu na mlango, na kisomo kilipoanza hakuweza kuitikia, akainamisha kichwa. Chakula kilipoletwa alihudumia watu wote, akamwaga maji ya kunawa mikononi mwao, lakini yeye hakula.

Jirani mmoja, Mwanajuma, mwanamke mwenye huruma ambaye hakuwa na habari ya jambo lolote, alimwuliza Sada kwa sauti ya chini kisomo ni cha nani.

"Cha mjomba wangu."

"Sikujua kuwa una mjomba. Jina lake?"

"Seleman."

"Seleman bin nani, nimwombee?"

Sada alifungua mdomo kujibu, akatambua kuwa hakupata kumwuliza bibi yake jina la baba wa mtoto yule, na sasa hapana wa kuulizwa.

"Seleman wa Mosi," alisema. "Mwombee hivyo hivyo."