Lambert Kozlik Arudi Uwanjani

Lambert Kozlik alitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania. Alipoutupa mpira wa besiboli hukuuona, uliusikia tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiudaka, tena kwa kuweka kipande cha nyama ya ng'ombe ndani ya glovu, na bado kiganja kilivimba. Misimu mitano tuliichezea timu ya Toledo, na wapigaji wa timu pinzani, gongo mkononi, wakimwogopa kama radi.

Kisha alasiri moja bega lake likalia kama ukuni mkavu unaovunjika. Mwenye timu, Bwana Pruitt, hakumpa hata wiki ya kupumzika.

"Mkono umekwisha huo, Lambert. Karudie makaa yako."

Akarudi. Mimi nikahamia timu ya Dayton. Majira ya baridi nilipomtembelea, nilimkuta nyuma ya banda akirusha mpira alioushika kwa vifundo vya vidole. Ulikuja polepole, ukiyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Nikaukosa, ukanipiga kifuani.

"Na bega haliumi, Toby," akasema, akicheka kama mtoto.

Nikampeleka Dayton. Kocha alimcheka mpaka alipochukua gongo mwenyewe ajaribu kuupiga mpira ule, akaukosa, akamsajili siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ya msimu wa 1911, Toledo wakaja kwetu. Mshindi ndiye bingwa.

"Babu, mkongojo umeusahau wapi?" wakamzomea kutoka benchi lao. "Huo mpira unafika leo au tukalale kwanza?"

"Nyie pungeni magongo tu, wanangu," akawajibu. "Joto kali, tunahitaji upepo!"

Wakapunga kweli. Hadi zamu yao ya mwisho ya kupiga tulikuwa mbele kwa pointi moja, na akabaki mpigaji mmoja tu, Rademacher, jitu lao lenye mabega ya ng'ombe dume. Mara mbili akapiga hewa kwa kuwahi; akikosa ya tatu, mchezo umekwisha. Nikamkimbilia Lambert.

"Sasa atausubiri."

"Basi asubiri sana."

Akautupa taratibu kuliko yote. Rademacher akasubiri, akasubiri, uvumilivu ukamwisha, akazungusha gongo hewani hadi akaanguka kwa magoti. Mpira ukatua kifuani kwangu, nikaukumbatia kwa mikono miwili.

Kofia za majani za watazamaji zikanyesha uwanjani. Watu wakambeba Lambert mabegani hadi barabara kuu. Huko juu akawa anaimba kwa Kislovaki, lugha ya wazazi wake, sauti mbovu kupindukia, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.