Umri wa Funza

Alhamisi Getrude alimkuta mama yake, Anjelina, amelala sakafuni nyumbani kwao Mbaha, kidonda cha mguuni kimejaa funza. Majirani walimsaidia kumbeba hadi zahanati.

Tabibu Jonas alimtoa funza mmoja kwa kibano, akamtazama kwa kioo cha kukuzia.

"Kuna nzi ambao funza wao hutafuna nyama hai," alisema. "Hawa ni wa nzi wa kijani. Hawa hula iliyooza tu."

Getrude alishusha pumzi. "Wamekaa humo muda gani?"

Jonas alimtazama tena yule funza. "Yai huanguliwa ndani ya siku moja. Mpaka kufikia ukubwa huu, ni siku nne hivi, dada."

Siku nne nyuma ilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo mama alipiga simu mara mbili, naye Getrude, akisahihisha mitihani kule Matiri anakofundisha, alijiambia angempigia baadaye. Hakupiga.

Aliinama kitandani. "Mama, ulianguka Jumapili?"

"Nilijua una mitihani, mwanangu," Anjelina alijibu polepole. "Niliona nisikusumbue tena."

Getrude aliomba ruhusa kazini, akabaki kumwuguza, akimwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Lakini sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na wiki ya pili walimzika. Msibani wanawake walimshika Getrude mkono mmoja mmoja, wakimsifu kwa jinsi alivyomhudumia mama yake. Getrude aliinamisha kichwa, akikumbuka zile simu mbili za Jumapili.