Mtani Akikuamkia

Mwalimu Paulina alipopewa ukuu wa shule ya Nanjedya, watu wa kwao Lisekese walimchinjia jogoo na mama yake akampa onyo moja tu: asiende kuchekewa na Wamakonde. Hakuhitaji kuambiwa. Miaka yake yote ya kufundisha Masasi alikuwa amewaona walimu wakuu walegevu wanavyoishia. Huyu anaomba kiti cha shule, yule anaomba jembe, mwisho shule inakuwa ya kila mtu, na kitu cha kila mtu si cha mtu. Akajiapia kwamba yeye hatakuwa hivyo. Akapakia godoro lake kwenye gari la mizigo, akapanda kwenda Newala.

Nanjedya iko mbele ya Chilangala, kwenye ukingo kabisa. Nyuma ya vyoo vya shule ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaanza. Maji yako huko chini, kwenye kijito, na njia ya kuyafuata ni mteremko wa mawe yanayoteleza. Huku juu kuna mchanga mwekundu, mikorosho na kiu. Shule ilikuwa na kitu kimoja cha kuonewa wivu: tangi kubwa la saruji linalovuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya madarasa.

Mwalimu mkuu aliyetangulia, Mzee Nikolao, aliliacha wazi. Mtoto akitoka darasani alichota dumu lake akaenda zake nyumbani. Basi kila mwaka tangi lilikauka kabla ya mvua kurudi, watoto wa chekechea wakakosa hata maji ya kunawa, na mwaka mmoja shule ilifungwa kwa sababu ya kuhara. Nikolao akastaafu akisifiwa na kijiji kizima na kusemwa na ofisi nzima. Paulina aliambiwa hayo yote mjini Newala na mkubwa wake wa kazi, ambaye alimalizia hivi: "Mwalimu, pale panataka mtu mwenye mkono wa chuma. Na lile darasa jipya liishe kabla ya mvua." Paulina akasema sawa.

Mtu wa kwanza kumpokea getini alikuwa Pili, mama wa makamo anayeuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kwa watoto wa shule. Alimtazama mgeni juu hadi chini, akauliza anatoka wapi, akajibiwa, akapiga yowe.

"Jamani! Wametuletea Mmakua! Ficheni panya!"

"Panya gani mmebakiza nyie?" Paulina akamrudishia palepale. "Tangu nimeingia Newala sijaona hata mkia!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kwa Pili, Mmakua yeyote ni mtani, kama alivyorithi kwa wazee wake. Mtani humwamkii shikamoo hata awe na mvi kichwa kizima. Unamtukana, unamnyang'anya chakula mkononi, na akifiwa unakwenda kumchekesha palepale penye maiti. Pili alikuwa na watani kila kona. Hata ukoo wa kina Hamudi wa palepale kijijini, Wamakonde wenzake, walikuwa watani wake kwa mambo ya mababu. Tangu siku hiyo hakuna asubuhi Paulina alipita getini bila kutukanwa, na alifika ofisini akiwa amechangamka.

Wiki yake ya kwanza alinunua kufuli. Mwalimu Sultani, msaidizi wake, mtu mpole kupita kiasi, alilitazama pale mezani akakuna kidevu.

"Wazo zuri, Mkuu. Ila labda tungewaita wazazi kwanza."

"Wataitwa," Paulina alisema. "Wakute limeshafungwa."

Sultani akanyamaza. Huyo ndiye Sultani, angenyamaza hata nyumba ikiungua, mradi asiwe mtu wa kwanza kupiga kelele. Tangi likafungwa, ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa Mkuu. Na haki isemwe: hesabu yake ilikuwa sahihi. Maji yale yakitunzwa yangewatosha watoto kunywa na kunawa, yangemtosha Isaka, fundi aliyekuwa akijenga lile darasa jipya, na yangefika mpaka mvua. Hakuiba hata kikombe. Maji ya nyumbani kwake aliyaagiza Newala kwa pikipiki.

Siku ya tatu ya kufuli, msichana wa darasa la sita alisimama mlangoni pa ofisi na dumu la njano lisilo na mfuniko. Alilizibia gunzi la mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Somoe Hamudi. Naomba maji, mwalimu. Mama amejifungua."

"Hongereni! Mtoto gani?"

"Wa kiume."

Paulina alifurahi kwa dhati, akauliza na jina la mtoto. Kisha akaegemea meza, akasema kwa sauti ya upole, ile sauti aliyojifunza kwenye semina za uongozi: "Sasa Somoe, nikikupa wewe nitawapa wote. Si unanielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alielewa, masikini. Watoto wa huku wanaelewa upesi mno. Akainama kidogo, akachukua dumu lake akaondoka, na Paulina akasikia kitu kimemchoma kifuani. Angeweza kumwita. Dumu moja lisingemaliza tangi, alijua. Lakini alikuwa mgeni kwenye kiti, na mgeni wa kiti anaogopa sana kuonekana anayumba. Akachukua kalamu akaendelea na kazi.

Miezi ikaenda. Maji tangini yakashuka taratibu, kama alivyopanga. Kuta za darasa jipya zikafika madirishani. Picha ya tangi na kufuli lake ikazungushwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu, wakapiga makofi ya vidole. Kitu kimoja tu kilimkera: wachelewaji. Kila asubuhi watoto walizidi kuchelewa, wengine magoti yana vumbi, wengine wanasinzia kipindi cha kwanza. Paulina alitangaza mstarini kwamba atakayechelewa atang'oa visiki vya mikorosho nyuma ya darasa jipya. Hakumuuliza mtoto hata mmoja anatoka wapi alfajiri ile. Ah! Mtu mzima, mwalimu, na hakuuliza.

Pili alimwambia. Alimwambia kwa namna yake, ametandaza ming'oko getini.

"Mmakua, hilo kufuli ungejifunga mdomoni ungekonda!"

"Nikufunge wewe tuone nani atauza ming'oko!"

"Cheka tu. Watoto wanashuka korongoni kungali giza. Iko siku utaletewa habari huko kwako bado uko kitandani umekumbatia mto."

"Waambie watoto wa Kimakonde wapunguze ngoma, walale mapema!"

Kicheko kikalipuka. Paulina akaondoka na kipande cha ming'oko alichompokonya, anatafuna. Na hapo ndipo alipopotea. Maneno yale yale angeambiwa na Sultani ofisini, mlango umefungwa, yangemkosesha usingizi. Lakini yalitoka kwa mtani, na utani ukishaupatia jibu unaona umeshinda, basi umekwisha. Alisahau kwamba mtani ndiye mtu pekee kijijini mwenye ruhusa ya kumwambia mkubwa ukweli.

Ikafika Septemba, mabibo yanaanza kunuka chini ya mikorosho. Somoe alikuwa ameshang'oa visiki mara mbili. Asubuhi ya Alhamisi walikuwa mstarini wanaimba wimbo wa taifa, Isaka fundi alipotokea nyuma ya vyoo anakimbia, shati limelowa. Alikuwa ameshuka kijitoni kuoga.

"Mkuu, mtoto wenu ameanguka huko mteremkoni."

"Nani?"

"Binti wa Hamudi. Alikuwa anapanda mbio, dumu kichwani. Alikuwa anasema atachelewa." Isaka akafuta uso. "Hapumui, Mkuu."

Wakampandisha kwa kitanda cha kamba. Dumu lililetwa nyuma, halikupasuka, gunzi limebana palepale. Maji yaliyokuwemo yakatumika kuwanawisha damu waliombeba.

Mazishi yalipangwa siku ile ile baada ya alasiri. Paulina alikwenda na walimu wake, khanga kichwani. Alitamani wamfukuze. Njia nzima alikuwa akijiandaa kwa matusi, na alipoingia uani wanawake walimsogelea wakampa nafasi kwenye mkeka. Mama Somoe alikuwa ameketi ukutani, kichanga kifuani.

"Pole, Mama Somoe. Pole sana."

"Ahsante, mwalimu. Kazi ya Mungu haina makosa. Nawe pole kwa kufiwa na mwanafunzi."

Paulina akainamisha kichwa. Afadhali angepigwa kofi. Hamudi naye alikuja mpaka mlango wa uani kumshukuru kwa kufika, macho mekundu, akamwita Mkuu.

Kisha zikaanza kunong'onwa habari za maji. Maiti haijaoshwa. Madumu ya majirani yamekwisha kwa kupikia wageni, na pikipiki iliyotumwa Newala haijarudi. Wanawake wakanong'ona, na hakuna aliyemtazama Paulina. Jinsi walivyokuwa wanajitahidi kutomtazama! Mkoba ulikuwa mapajani mwake na ufunguo ndani yake. Sema, alijiambia, sema tu. Hakusema. Aliona aibu kuwa wa kwanza kulitaja tangi.

Ndipo Pili akaingia.

Alikuwa amevaa miwani ya jua ya kiume, mkoba mkononi, kufuli kubwa la ghala limening'inia shingoni kwa kamba. Alitembea kifua mbele, visigino vinagonga, kichwa kimeinuliwa. Ulikuwa mwendo wa Paulina, hata kipofu angeujua. Wanawake wakaanza kucheka na machozi bado yanatiririka, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani na hakuna anayeruhusiwa kuchukia.

"Nyoosha mstari!" Pili akafoka. "Nani anatoa kamasi huko? Kamasi ni mali ya umma!"

Kicheko kikaongezeka. Akapita katikati yao mpaka mlango wa chumba alicholazwa marehemu, akagonga kwa kidole.

"Somoe Hamudi! Mbona umechelewa leo? Visiki vinakungoja!"

Hapo kicheko kikayumba. Mtu mmoja akalia kwa sauti.

"Eti unataka maji? Mama amejifungua? Hongereni! Mtoto gani?" Pili akaegemea mlango, akashusha sauti ikawa ya upole, ya semina kabisa. "Sasa Somoe, nikikupa wewe nitawapa wote. Si unanielewa?"

Neno kwa neno. Kumbe mtoto aliyabeba maneno yale mpaka nyumbani, akayasimulia, na nyumba nzima iliyajua siku zote hizi wakati walipokuwa wanamwamkia njiani. Paulina alijaribu kucheka. Desturi inataka ucheke, mtani akikukejeli msibani unacheka na kutoa chochote. Uso ukakataa.

Pili akavua miwani. Akamjia, akanyoosha mkono.

"Toa ufunguo, Mmakua. Mtoto anataka kuoga."

Paulina akafungua mkoba. Vidole vilivuruga leso, simu, chaki, mpaka vikaupata. Hakumpa Pili, aliinuka nao, akatoka, na wanawake wakamfuata na ndoo zao mpaka shuleni. Kufuli lilifunguka mara moja. Akainua mfuniko, na ubaridi ukampanda usoni. Maji yalikuwa mengi, safi, yametulia. Wanawake wakachota kwa zamu. Kila aliyejaza ndoo alisema ahsante, mwalimu, akajitwika.

Somoe akaoshwa kwa maji ya shule, akazikwa.

Jumatatu Paulina alisimama mstarini. Alikuwa amelitupa kufuli chooni kwa mkono wake. Akawaambia watoto kwamba kuanzia leo tangi liko wazi, kila mmoja achote dumu lake akitoka darasani, na atakayechelewa hatang'oa kisiki tena. Watoto wakaitikia ndiyo mwalimu, wote kwa pamoja. Kengele ya kutoka ilipolia alikwenda kusimama kando ya tangi, amefungua mfuniko mwenyewe na kuweka kopo la kuchotea.

Watoto wakapita na madumu yao. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu. Marahaba, marahaba. Walizunguka nyuma ya vyoo, mmoja baada ya mwingine, wakashika njia ya kwenda chini.

"We! Rudini! Maji haya hapa!"

Wakageuka, wakamtazama kwa adabu, wakaendelea kushuka. Sultani alikuja akasimama kando yake.

"Wamekatazwa nyumbani, Mkuu. Wanasema hayo ni maji ya Somoe."

"Sultani, watakufa wengine kule!"

"Nimewaambia wazazi," Sultani alisema. Safari hii alikuwa amefungua mdomo kweli, na haikusaidia kitu.

Paulina akakimbia, akakimbia kabisa, mwalimu mkuu na viatu vyake vya visigino, mpaka getini alipokaa Pili. Alijua ni mmoja tu kijijini anayeweza kuwarudisha wale watoto, kwa tusi moja tu la kuwachekesha wazazi wao. Akasimama mbele ya ming'oko, anahema, akatafuta sauti yake ya utani.

"We Mmakonde! Ming'oko gani hii, au umechemsha kuni? Hebu nitukane nikuone!"

Watu wakageuka. Pili akaweka sahani chini. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akainamisha macho na kukunja magoti kidogo, kama mtu anavyomsalimu mgeni mkubwa wa serikali.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Paulina akangoja neno jingine. Halikuja. Huku nyuma ya vyoo zilisikika sauti za watoto zikishuka mteremko, na watu pale getini walikuwa wanamsubiri aitikie.

"Marahaba," akasema.