Taa ya Nguzo ya Tisa

Mpiga mbizi alikuwa na siku nne tu. Jumatatu yeye na wenzake wangeshuka na vyuma vya kukwangulia kusafisha nguzo za gati, na kabla ya hapo alitaka kumpelekea baba yake picha ya nguzo ya tisa. Mzee alizikwangua nguzo hizo miaka ishirini na saba, mpaka ngoma za masikio zikapasuka na daktari akampiga marufuku maji yote yanayozidi ya ndoo. Tangu hapo alikuwa mtu wa dirishani, kila jioni akiulizia habari za huko chini kama mtu aliyehamishwa kwake kwa nguvu. Binti alimjibu yaleyale: "Rangi ya majivu tu, baba, kama ulivyoiacha." Jibu hilo lilimuuma yeye mwenyewe.

Akiba yake ilitosha kununua mara moja. Akikosea, ndiyo basi. Akaingia kwa fundi wa kamera za mitumba, bwana mmoja ambaye miwani yake ilibaki na kioo kimoja, na kwa hiyo mji mzima ulimwita Lenzi. Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kamera kubwa kuliko zote kabatini.

"Nataka hiyo."

"Na kasha lake la kuzuia maji?" Lenzi aliuliza. "Maana kasha la hiyo ni bei ya kamera mbili. Bila kasha, dada yangu, itupe tu baharini uokoe muda."

Akamtolea kamera ndogo iliyochubuka pembeni, pamoja na kasha lake la plastiki ngumu. Mpiga mbizi hajamaliza kufurahi kwamba atabakiwa na chochote, Lenzi akaweka mezani taa nene kama mchi, bei yake karibu sawa na kamera.

"Taa ya nini? Mimi napiga picha mchana kweupe!" Hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lenzi hakubishana. "Umeshawahi kujikata huko chini?"

"Mara ngapi!"

"Damu ilikuwa rangi gani?"

Akavitazama vidole vyake. Ilikuwa kijani. Kijani cha kuelekea weusi. Miaka sita alikuwa akiiona ikimtoka vidoleni, na hata siku moja hakujiuliza.

"Maji yanameza wekundu kabla ya rangi nyingine," Lenzi alisema. "Ukifika mita kumi na kitu, hamna kitu. Kamera yoyote itakutosha. Hela yako iweke kwenye mwanga."

Jumamosi asubuhi alilishusha kwanza kasha tupu kwa kamba, ndani katia karatasi ya chooni. Karatasi ikarudi kavu. Akaupaka mafuta mpira wa kufungia, akaondoa unywele mmoja uliotaka kumtia hasara, akaifunga kamera ndani, akapiga moyo konde na kushuka.

Nguzo ya tisa ilikuwa palepale, mita kumi na sita chini, imevimba ule uchafu wa siku zote. Akawasha taa.

Aliruka nyuma akidhani kuna kitu kinawaka. Nguzo nzima ilikuwa nyekundu! Sifongo za baharini, nyekundu za kukolea, vidudu laini vya rangi ya chungwa vimefunguka kama maua, na katikati yao kaa wa zambarau asiyezidi ukucha. Akazima: majivu. Akawasha: yote yakarudi. Alifanya hivyo mara tano, akasahau kamera, akasahau hata kuangalia hewa. Kisha akalia ndani ya barakoa, jambo la kipumbavu kabisa kwa mtu wa kazi yake, lakini afanyeje? Vyote hivi vilikuwa pua kwa pua naye miaka yote. Ndipo akakumbuka kamera, akapiga picha.

Mchana ule mzee aliitazama picha, akaisogeza, akaitazama tena.

"Wapi hapa?"

"Nguzo ya tisa, baba."

"Usinitanie, mama."

"Tazama kibao cha namba. Si wewe uliyekipigilia?"

Mzee aliweka kidole juu ya kibao, halafu juu ya ule wekundu.

"Nilidhani ni uchafu," alisema. "Jumatatu unaanza kukwangua ipi?"

"Hiyohiyo. Ndiyo iliyojaa kuliko zote."

"Anza na ya kwanza," mzee alisema. "Na usiende mbio."